Kwa nini mhudumu anaangalia kifua cha mwanao huku ameshika saa?

Umefika zahanati, iwe Nyabibuye au kwingine Kakonko, mtoto ana homa na kikohozi. Mhudumu anakwambia umpakate, umfunue kifua, halafu anakaa kimya anatazama saa. Wengi hudhani anapoteza muda. Hapana, anahesabu pumzi.

Anahesabu dakika nzima, maana mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Akiwa analia au ananyonya hesabu haifai. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, nimonia inashukiwa. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta hewa, hali ni nzito zaidi.

Kigoma malaria ni nyingi, kwa hiyo kipimo kikionyesha malaria mzazi huridhika, anaondoka na mseto. Lakini mtoto anaweza kuwa na vyote viwili, na mseto hautibu nimonia! Ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi na utabibu hupelekwa wodini: namba zipo kwenye daftari, ila kifua kinachobonyea unakijua ukishakiona kwa macho.

Mtoto akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, usingoje foleni. Sema hapo hapo.