Uchunguzi wa kimwili wa kobe

Uchunguzi wa kimwili wa kobe ni utaratibu ambao daktari wa wanyama huufuata ili kujua hali ya afya ya kobe kwa kumtazama, kumshika, kumpima uzito na kusikiliza mapigo ya moyo wake. Kobe ni reptilia wa nchi kavu wa familia Testudinidae. Kwa kuwa mwili wake umejengwa tofauti na ule wa mamalia, baadhi ya mambo ambayo daktari amezoea kuwafanyia ng'ombe, mbuzi au mbwa hayamfai kobe, na mengine yanaweza kumwua.

Kobe pia haonyeshi ugonjwa mapema. Shughuli za mwili wake huenda polepole, hivyo anaweza kuwa mgonjwa kwa wiki nyingi kabla mtunzaji hajagundua.

Muundo wa mwili

Gamba la juu huitwa karapasi na la chini plastroni. Yote mawili huungana ubavuni. Uti wa mgongo na mbavu zimeshikamana na karapasi, kwa hiyo kobe hawezi kutoka ndani ya gamba lake. Mifupa ya gamba hufunikwa na vigae vya keratini. Gamba ni kiungo hai chenye damu na neva, na kobe huhisi maumivu akiumizwa hapo.

Mapafu yako juu, chini tu ya karapasi. Mbavu haziwezi kupanuka, na kobe hana diaframu ya msuli kama mamalia. Hupumua kwa kutumia misuli ya tumbo na ya miguu. Kwa sababu hiyo hawezi kukohoa vizuri, na makamasi yakijaa mapafuni hayatoki kwa urahisi. Akilazwa chali kwa muda mrefu, matumbo huyakandamiza mapafu.

Moyo una vyumba vitatu: viwili vya juu na kimoja cha chini kilichogawanyika kwa sehemu tu. Mkojo, kinyesi na mayai hupitia tundu moja liitwalo kloaka. Uchafu wa figo hutoka hasa kama asidi ya yuriki, ambayo huonekana kama uji mweupe. Uji huo ukiwa mgumu kama mchanga, huenda kobe ana upungufu wa maji mwilini.

Kabla ya kumshika

Uchunguzi huanza kwa maswali: kobe anakula nini, anapata maji na jua kiasi gani, na analala wapi. Magonjwa mengi ya kobe wanaofugwa hutokana na matunzo mabaya.

Joto la mwili wa kobe hufuata joto la mazingira. Kobe aliyepoa huwa mzito na mlegevu hata kama ni mzima, kwa hiyo inafaa apate joto kwanza. Kisha daktari humtazama akitembea. Kobe mwenye afya huinua gamba lake kutoka ardhini na kutumia miguu yote minne. Akinyoosha shingo na kupanua mdomo kila anapovuta pumzi, huenda ana ugonjwa wa mapafu.

Uzito huandikwa kila mara, kwa sababu ukilinganishwa na uzito wa awali huonyesha mabadiliko ambayo macho hayayaoni. Kobe wadogo hupimwa kwa mizani ya jikoni. Kobe wakubwa wa Aldabra, kama wale wa kisiwa cha Changuu huko Zanzibar, hawabebeki. Dume huweza kuzidi kilo 200. Hata hivyo, wengi wao wakikunwa shingoni au kwenye mapaja husimama wima na kunyoosha shingo, na hapo daktari hupata nafasi ya kuwakagua bila kutumia nguvu.

Kutoka kichwa hadi mkia

Macho yanatakiwa kuwa wazi na maangavu, na pua iwe kavu. Mapovu puani ni dalili ya maambukizi. Uvimbe nyuma ya taya, mahali pa sikio, mara nyingi ni jipu. Usaha wa reptilia huwa mgumu kama jibini, hautiririki, hivyo jipu huondolewa kwa upasuaji.

Kobe hana meno, bali mdomo mgumu wa keratini, na hali yake hueleza habari za lishe. Mfano unaojulikana ni Jonathan, kobe mkubwa wa Shelisheli aliyefikishwa kisiwa cha Saint Helena mwaka 1882. Uzeeni alipofuka kwa mtoto wa jicho na kupoteza uwezo wa kunusa, na mdomo wake ukawa butu. Daktari wa wanyama Joe Hollins alipoanza kumlisha matunda na mboga kwa mkono, mdomo ulirudia ukali wake.

Gamba hukaguliwa kama lina nyufa, vidonda au harufu mbaya. Gamba laini kwa kawaida huonyesha ukosefu wa kalisi, au wa vitamini D ambayo mwili huitengeneza kwa mionzi ya urujuanimno ya jua. Lakini kobe bapa wa Kenya na Tanzania (Malacochersus tornieri) ana gamba jembamba linalobonyea kiasili, ambalo humwezesha kujipenyeza katika nyufa za miamba. Asiyemjua anaweza kumtibu ugonjwa ambao hana.

Mwishoni hukaguliwa miguu, kucha, mkia na kloaka. Dume huwa na mkia mrefu kuliko jike, na katika spishi nyingi plastroni yake imebonyea kwa ndani.

Sindano na dawa

Damu ya sehemu ya nyuma ya mwili inaweza kupitia kwenye figo kabla ya kurudi moyoni. Kwa hiyo madaktari wengi huchoma sindano kwenye miguu ya mbele, hasa kama dawa inaweza kudhuru figo.

Hatari kubwa zaidi ni ivermektini, dawa ya minyoo na kupe inayotumiwa sana kwa mifugo. Kobe na kasa hawapewi kamwe dawa hiyo, kwani hupooza na kufa.

Kuthibitisha kifo

Kobe aliyepoa sana anaweza kuonekana amekufa. Stetoskopu haisaidii sana kwa sababu ya gamba, hivyo hutumika kifaa cha Doppler kinachowekwa kati ya shingo na mguu wa mbele. Kwa upande mwingine, moyo wa reptilia huweza kuendelea kupiga kwa muda baada ya ubongo kufa. Kwa hiyo daktari hategemei dalili moja, na kobe hupashwa joto na kukaguliwa tena kabla ya kuzikwa.

Usalama wa mchunguzi

Kobe wengi wenye afya hubeba bakteria wa Salmonella, wanaoweza kuwaletea binadamu homa na kuhara. Kwa sababu hiyo Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 uuzaji wa kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofikia sentimita 10 hivi kama wanyama wa kufugwa nyumbani. Kila anayemshika kobe anapaswa kunawa mikono kwa sabuni, na watoto wadogo wasimamiwe.