Kufunga Kabla ya Kupasuliwa: Kinywaji Gani Chafaa?

Watu wa Pwani wakisikia neno "kufunga" hufahamu mara moja ya kuwa ni saumu ya Ramadhani, ambayo tangu alfajiri mpaka jua kuchwa hata tone la maji halipiti kooni. Mgonjwa anayengoja kupasuliwa hospitalini huambiwa neno hilo hilo, lakini kufunga kwake ni kwa namna nyingine. Asiyejua tofauti aweza kujihatarisha kwa kikombe kimoja cha chai, au kuteswa na kiu bila sababu.

Mtu aliye macho akipaliwa hukohoa, na kilichopotea njia hurudi. Dawa ya usingizi huondoa kinga hiyo. Koo hulegea, na vilivyomo tumboni vyaweza kupanda kimya kimya na kushuka mapafuni. Asidi ya tumbo huunguza mapafu, na kipande cha chakula chaweza kuziba njia ya hewa. Daktari Curtis Mendelson wa New York alieleza jambo hili mwaka 1946, baada ya kuchungua habari za mimba 44,016 za miaka ya 1932 mpaka 1945. Wanawake 66 walipatwa na mkasa huo walipopewa dawa ya usingizi wakati wa kujifungua. Wawili walikufa, na wote wawili walizibwa pumzi na chakula kigumu.

Baadaye hospitali nyingi zilishika amri moja: mgonjwa asile wala asinywe kitu tangu saa sita ya usiku. Amri hiyo ni rahisi kukumbuka, lakini huchanganya vitu visivyofanana, kwa maana maji matupu hayakai tumboni kama ugali ukaavyo. Joseph Lister, mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, alikwisha kushauri mwaka 1883 ya kuwa tumbo lisiwe na chakula kigumu, bali kikombe cha chai muda wa saa mbili kabla ya kazi ni chema. Shauri lake lilisahauliwa kwa miaka mingi. Mwaka 1986 madaktari wa Calgary, katika Kanada, waliwapa wagonjwa maji kiasi cha mililita 150 muda wa saa mbili na nusu kabla ya kupasuliwa, wakaona ya kuwa matumbo yao hayakuwa na maji mengi kuliko ya wale waliofunga kabisa. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa dawa ya usingizi cha Marekani kikaandika kanuni ya kuruhusu vinywaji vyeupe, yaani vyenye kuonya, mpaka muda wa saa mbili kabla ya kulazwa usingizi.

Kinywaji chenye kuonya ni kile ambacho kikitiwa katika bilauri, maandishi yaliyo nyuma yake huonekana. Maji ni hivyo, na maji ya matunda yaliyochujwa vizuri, na chai kavu au kahawa isiyotiwa maziwa, hata ikiwa na sukari. Pombe haimo, ingawa chang'aa huonya kama maji ya kisima.

Chai ndiyo inayowakosesha wengi. Katika nyumba nyingi za Kenya, mtu akisema "chai" maana yake ni majani yaliyochemshwa pamoja na maziwa, na mgonjwa huapa kwa moyo safi ya kuwa hakula kitu, alikunywa chai tu. Lakini maziwa yakikutana na asidi ya tumbo huganda, na kwa daktari hayo ni chakula. Maziwa ya ng'ombe yahitaji muda wa saa sita, sawa na chakula chepesi. Uji nao ni chakula hata ukiwa mwepesi namna gani. Nyama na vitu vya mafuta vyahitaji saa nane au zaidi.

Basi mtu atakayepasuliwa saa tatu asubuhi aweza kunywa maji mpaka saa moja, lakini chai yake ya maziwa iwe imekwisha kabla ya saa tisa ya usiku. Mtoto anyonyaye hupewa titi kwa mara ya mwisho saa kumi na moja alfajiri. Watoto wadogo hawavumilii kufunga kwa muda mrefu. Wakikaa mno bila maji huishiwa nguvu. Kwa hiyo kazi ikicheleweshwa, mzazi ana haki ya kumwuliza muuguzi kama mtoto aweza kupewa maji.

Huruma nayo huleta hatari. Bibi humwona mjukuu akilia, akampa kipande cha mkate chini ya shuka, kisha akanyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Muuguzi akiambiwa kweli, kazi huahirishwa kwa saa chache tu. Asipoambiwa, daktari humlaza usingizi mtoto mwenye tumbo lililojaa.

Saa hizi zawahusu watu ambao matumbo yao hufanya kazi vyema. Mwenye ugonjwa wa sukari, mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na mwenye tumbo lililoziba, wote hupewa maagizo yao wenyewe na daktari. Vivyo hivyo aliyeumia barabarani: maumivu makali huzuia tumbo lisishushe chakula, na alichokula mchana chaweza kuwamo bado usiku. Jirani wanaomchukua hospitalini wasimpe uji wala soda njiani, bali wakumbuke saa aliyokula mara ya mwisho, maana daktari ataiuliza.