Maji na Moto: Kamati Mbili, Mfuko Mmoja



Kiangazi kimoja tulitembelea kikundi cha kujisaidia katika sehemu kavu ya mashariki mwa nchi. Tulikuta mitungi imepangwa foleni tangu alfajiri, na akina mama wamekaa chini ya mti wakingoja. Tukadhani kisima kimekauka. Hapana, maji yalikuwepo. Basi tukadhani mashini imeharibika. Mashini nayo ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni dizeli. Mwekahazina alifungua daftari akatuonyesha: pesa za mwezi zilikuwa zimekwisha, na siku za mwezi bado.

Siku hiyo hiyo tuliketi na kamati nyingine ya kikundi hicho, ile ya miti na majiko. Hao nao walikuwa na malalamiko yao. Wanafundisha watu kupunguza kuni, lakini kila nyumba inachemsha maji ya kunywa, na miti inazidi kwisha. Tukawauliza, "Nyinyi na kamati ya maji hukutana lini?" Watu wakatazamana. Mama mmoja akatujibu, "Hatujawahi. Wale ni wa maji, sisi ni wa moto."

Jibu hilo ndilo limetufanya tuandike makala haya. Tunataka kuonyesha kwamba maji na moto hutoka katika mfuko mmoja, na kikundi kinachovipanga mbalimbali hulipa mara mbili.

Kila mtungi una mafuta ndani yake

Maji ni mazito. Mtungi wa lita 20 una kilo 20, na kila mama anajua hayo kwa mgongo wake. Mashini nayo inaubeba uzito huo huo, na chakula chake ni mafuta.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme kisima chenu kinapandisha maji mita 100 hadi kwenye tangi, na jenereta ya dizeli ndiyo inayoendesha pampu. Kwa mashini za kawaida, lita 1 ya dizeli itapandisha takriban lita 5,000 za maji, yaani mitungi 250. Kijiji kinachotumia mitungi 1,000 kwa siku kitachoma karibu lita 4 za dizeli kila siku. Kwa mwaka hizo ni lita 1,460. Zidisheni kwa bei ya dizeli ya leo katika kituo chenu, mtaona pesa zinakokwenda.

Sasa tuseme robo ya maji hayo inamwagika njiani kwa sababu paipu zimepasuka na mifereji haifungi. Watu husema, "Ni maji tu, yanarudi ardhini." Kumbe pamoja na maji hayo mmemwaga lita 1 ya dizeli kila siku, lita 365 kwa mwaka.

Moshi huo unakwenda wapi?

Lita 1 ya dizeli ikichomwa hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi. Mtu atauliza, lita moja itatoaje kilo mbili na zaidi? Ni kwa sababu mafuta yakiungua hujiunga na oksijeni iliyo hewani, na oksijeni hiyo ina uzito wake. Kwa hiyo ule uvujaji wa robo peke yake unatoa karibu tani 1 ya hewa ukaa kwa mwaka, na hakuna aliyekunywa hata kikombe kimoja.

Hewa ukaa ni mojawapo ya gesi joto. Gesi hizi huzuia joto la dunia lisitoke, kama mtu anayelala na blanketi, halafu anaongezewa la pili na la tatu. Nchi zenye viwanda vingi ndizo zilizotoa sehemu kubwa ya gesi hizo. Kijiji chetu kimetoa kidogo sana. Basi kwa nini tujisumbue? Kwa sababu mbili. Kwanza, ukame na mafuriko havitusamehi kwa kuwa hatuna hatia. Pili, katika kazi hii ya maji, kinachopunguza moshi mara nyingi ndicho kinachopunguza gharama. Hatuombwi kuchagua kati ya dunia na mfuko wetu.

Na kila taa ina maji ndani yake

Jambo hili lina upande wa pili. Maji yanakula nishati, na nishati nayo inakula maji. Tazameni Mto Tana. Kuna vituo vitano vya stima vilivyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Cha kwanza kujengwa kilikuwa Kindaruma, mwaka 1968, na Kiambere kilifuata baada ya miaka 20, mwaka 1988. Maji yakitoka Masinga yanazungusha mashini za kituo kimoja, kisha yanateremka kuzungusha za kingine.

Lakini mvua ikikosa, vyote hupungukiwa. Wengi wetu tunakumbuka ukame wa 1999 na 2000, stima ilipogawanywa kwa zamu na nchi ikakodi jenereta za dizeli. Mwaka 2009 maji yalishuka hadi kituo cha Masinga kikazimwa. Siku hizi umeme wa mvuke wa ardhini kutoka Olkaria ndio unaoongoza nchini, na hiyo imetusaidia sana. Hata hivyo, mito ikipungua, pengo lazima lizibwe na kitu, na mara nyingi kitu hicho kimekuwa mafuta.

Tena, udongo unaobebwa kutoka mashamba yasiyo na matuta huko juu huishia katika mabwawa na kuchukua nafasi ya maji. Kwa hiyo mkulima wa Murang'a au Nyeri anayechimba matuta na kupanda majani ya kushika udongo anahifadhi shamba lake, na pia analinda stima na maji ya watu wa mbali. Ndiyo maana mwaka 2015 ulizinduliwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ili wanaotumia maji kule chini wasaidie wakulima wanaoyatunza kule juu.

Tupange kwa utaratibu huu

Kikundi kikisikia habari hizi, mara nyingi husema, "Basi tutafute mfadhili wa sola." Msikimbie. Mpangilio wa hatua ni muhimu.

1. Zibeni kwanza. Wekeni mita moja kwenye tangi na nyingine kwenye kioski, mlinganishe. Ile tofauti ndiyo hasara yenu. Kwa mfano wetu wa mitungi 1,000, mngehitaji paneli za sola za karibu wati 3,000. Mkiziba ile robo inayovuja, wati 2,200 hivi zitatosha. Fundi wa paipu anaweza kuwaokolea pesa nyingi kabla hamjanunua paneli hata moja.

2. Tumieni mteremko. Maji hushuka yenyewe bila kulipwa. Kule Meru, mradi wa maji wa Tuuru ulioanzishwa na Bruda Giuseppe Argese wa Wamisionari wa Consolata huleta maji kutoka msitu wa Nyambene kwa mteremko. Ukambani, vikundi vingi vimejenga mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, na maji hukaa ndani ya mchanga bila kukaushwa upesi na jua. Na msisahau mabati yenu. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20, mnaweza kukinga kama lita 800, hata baada ya kuondoa zinazopotea. Maji hayo hayahitaji hata tone la mafuta.

3. Kisha jua. Pampu ya sola hupiga maji mchana, na tangi huyaweka hadi usiku. Hapo tangi ndilo betri yenu, wala halichakai upesi kama betri. Lakini tuwaonye. Dizeli ilikuwa na bei, kwa hiyo ilitufundisha kuzima. Jua halina bei. Tumeona mahali ambapo pampu iliachwa ikizunguka kutwa, tangi likafurika, na watu wakafurahia matope. Kisima nacho kina kiasi chake. Wekeni swichi ya kuzima pampu tangi likijaa, pimeni kina cha maji kisimani kila mwezi, na mfuate kiasi kilichoandikwa katika kibali chenu cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Pia msiache kulipisha maji. Pesa iliyokuwa ya dizeli iwekwe benki, maana pampu itaharibika siku moja na jua halitalipa fundi.

4. Maji ya kunywa yaangaliwe peke yake. Kuchemsha mtungi mmoja wa lita 20 kwa mafiga matatu kunaweza kula kilo 3 hadi 4 za kuni kavu. Si lazima kila nyumba ifanye hivyo. Klorini ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa huua vijidudu vingi bila moto. Njia nyingine ni kujaza maji maangavu katika chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, na kuilaza juani kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, iacheni siku 2. Maji ya tope yachujwe kwanza. Na mjue kwamba wala klorini, wala jua, wala kuchemsha hakuondoi chumvi au floridi. Hayo yanahitaji kupimwa na wataalamu.

5. Linda chanzo. Miti na matuta juu ya chemchemi ni sehemu ya mradi wa maji. Mti uliokatwa kwa kuni na kuachiwa uchipuke hurudisha ndani yake hewa ukaa iliyotoka. Usiporudishiwa mwenzake, hewa hiyo hubaki juu, na chemchemi hupoteza kivuli chake.

Tusiishie kijijini

Chini ya Katiba ya 2010, huduma za maji ziko mikononi mwa kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 nayo inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kaunti pia hutengeneza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Katika baraza kama hilo, vikundi viulize swali moja kwa sauti moja: "Visima vilivyo katika mpango wa maji vitaendeshwa na nini, na je, jambo hilo limeandikwa katika mpango wa nishati?" Kisima kikichimbwa bila jibu hilo, tutarudi kwenye foleni ya mitungi chini ya mti.

Kile kikundi chetu kilifanya nini?

Kamati mbili ziliketi pamoja kwa mara ya kwanza. Haikuwa rahisi. Kijana aliyekuwa akiendesha mashini ya dizeli alisimama akasema, "Mkileta jua, mimi nitakula wapi?" Mkutano ukanyamaza. Lilikuwa swali la haki, maana mpango unaookoa hewa ya dunia na kumnyima mtu wetu chakula una kasoro. Mwishowe walikubaliana awe fundi wa paipu na msoma mita, alipwe kutokana na pesa ya maji yatakayookolewa. Wakaanza na kuziba. Sola waliiacha ingoje hadi wajue wanahitaji kiasi gani.

Tulipoondoka, yule mama wa majiko alikuwa amekalia kiti karibu na mwekahazina wa maji, wakisoma daftari moja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Je, tunajua ni lita ngapi za maji zinazotoka kisimani, na ngapi zinazofika kwa watu?
2. Mwezi uliopita tulitumia pesa ngapi kwa mafuta, stima au kuni kwa ajili ya maji peke yake?
3. Ni maji gani tunayoweza kupata kwa mteremko au kwa mabati kabla ya kupiga pampu?
4. Nani kati yetu atapoteza kazi au faida tukibadilisha mpango, na tutamsaidiaje?
5. Kamati zetu za maji na za moto zitaketi pamoja lini? Andikeni tarehe kabla hamjafunga mkutano.