Mnara Juu ya Mashua: Faida na Gharama ya Kimo

Katika karakana za Arusha, kukata paa la gari na kuliinua ili watalii wapate kusimama na kutazama wanyama ni kazi ya kila siku. Fundi aliyeizoea kazi hiyo hashindwi kukunja mabomba ya alumini, kuyachomelea, na kuyasimamisha juu ya mashua yakawa mnara. Swali basi si kama mnara unaweza kutengenezwa. Swali ni kama mashua inauhitaji, na ni nani atakayelipa iwapo jibu litakosewa. Gari lililoinuliwa paa linasimama juu ya ardhi ngumu kwa magurudumu manne. Mashua husimama juu ya maji, na maji hayana msamaha kama wa ardhi.

Mnara unaozungumzwa hapa ni ule unaotumika katika mchezo wa kuteleza majini. Mchezaji hufunga miguu yake juu ya ubao mmoja, hushika kamba yenye urefu wa mita 20 hivi, na mashua yenye injini humvuta kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa au zaidi kidogo. Mchezo huu ni mtoto wa mchezo wa kuteleza kwa mbao mbili, ulioanzishwa na Ralph Samuelson huko Minnesota, Marekani, mwaka 1922. Wa ubao mmoja ulienea katika miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 watengenezaji wa mashua wakaanza kuhamisha kulabu ya kamba kutoka shetri, yaani nyuma ya chombo, na kuipandisha juu ya mnara wenye kimo cha mita 2 au zaidi kutoka usawa wa maji.

Mnara unafanya kazi gani?

Wengi hudhani kwamba mnara humnyanyua mchezaji. Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukweli ulivyo. Tuseme kamba inavuta kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilogramu 50, na mchezaji ameruka hata mikono yake iko mita 2 juu ya maji. Kama kulabu iko chini, sentimita 60 tu juu ya maji, kamba inashuka mita 1.4 katika urefu wa mita 20, yaani asilimia 7. Kwa hiyo humvuta mchezaji kwenda chini kwa nguvu ya kilogramu 3.5. Kama kulabu iko juu ya mnara, mita 2.2 kutoka majini, kamba humvuta juu kwa nusu kilogramu. Tofauti ya hali hizi mbili ni kilogramu 4.

Kilogramu 4 si kitu bure kwa mtu mwenye ustadi anayeruka na kujipindua hewani, kwani hubaki juu muda mrefu kidogo na hutua kwa ulaini zaidi. Lakini kwa mtu mwenye uzito wa kilogramu 70, nguvu hiyo haiwezi kuitwa ya kumnyanyua. Kinachomrusha ni wimbi linaloachwa nyuma ya mashua, ambalo mteremko wake humtumikia kama ngazi. Mwanafunzi ambaye bado anajifunza kuinuka majini hapati faida kubwa kutokana na mnara, kwa sababu yeye hajaruka bado.

Mnara una manufaa mengine mawili yasiyopaswa kudharauliwa. Kwanza, hupitisha kamba juu ya injini iliyofungwa shetri, isije ikanaswa na rafadha. Pili, huiweka kamba mbali na vichwa vya abiria. Hata hivyo manufaa hayo hupatikana pia kwa nguzo fupi iliyotegemezwa vizuri, au kwa kamba ya pembe tatu inayofungwa katika pete mbili za shetri.

Gharama isiyoonekana

Mchezaji hakai nyuma ya mashua wakati wote. Huenda upande huu na upande ule, na kila aendapo pembeni huivuta mashua ubavuni. Akiwa amekwenda pembeni kiasi cha nyuzi 30, nusu ya mvuto wa kamba hugeuka kuwa mvuto wa ubavuni, yaani kilogramu 25. Hapo ndipo kanuni ya wenzo inapoingia. Nguvu ile ile hupindua zaidi kadiri inavyoshika mahali pa juu zaidi.

Maji huizuia mashua ubavuni kwenye kina cha kama sentimita 20. Kulabu ya chini ina mkono wa wenzo wa mita 0.8, na 25 mara 0.8 ni 20. Kulabu ya mnara ina mkono wa mita 2.4, na 25 mara 2.4 ni 60. Mnara umeongeza nguvu ya kupindua mara tatu, sawasawa na mtu wa kilogramu 75 aliyetoka katikati ya mashua akaketi sentimita 80 pembeni. Mabaharia wa meli ndogo za kuvuta meli kubwa wanaijua hatari hii vizuri: kamba ikiwavuta ubavuni, chombo chaweza kupinduka kwa muda mfupi mno, na ndiyo maana kulabu zao hutengenezwa ziweze kufunguliwa mara moja.

Gharama ya pili ni uzito wa mnara wenyewe. Chukua mashua yenye upana wa mita 2, ambayo pamoja na injini, mafuta na watu wanne ina uzito wa kilogramu 900. Mnara wa kilogramu 40, uliosimama mita 1.2 juu ya kitovu cha uzito cha mashua, hukipandisha kitovu hicho kwa sentimita 5. Hilo linavumilika. Lakini mnara ni kama mti penye watoto, haukosi mpandaji. Vijana wawili wenye kilogramu 60 kila mmoja wakihama vitini na kupanda mita 1.8, kitovu cha uzito hupanda sentimita 23 nyingine.

Uthabiti wa chombo hupimwa kwa umbali uliopo kati ya kitovu cha uzito na nukta iliyo juu yake, ambayo nguvu ya maji ya kukieleza chombo huipitia kila chombo kinapolala kidogo. Umbali huo waweza kuitwa kimo cha uthabiti. Kama mashua iliyotajwa ilikuwa na kimo cha sentimita 60, mnara huushusha hadi 55, na vijana wawili huushusha hadi 32. Kwa kulabu ya chini mashua ile ingelala nyuzi 2 tu wakati mchezaji yuko pembeni. Kwa mnara hulala karibu nyuzi 7. Kwa mnara wenye vijana juu yake hulala kati ya nyuzi 11 na 12, na ukingo wake hushuka sentimita 20 kuelekea majini, kabla wimbi au kona kali haijaongeza yake.

Mafunzo ya pwani na ya Ziwa Victoria

Mafundi wa vyombo wa pwani ya Afrika Mashariki waliyajua mambo haya zamani. Jahazi lina mlingoti mrefu na tanga zito, nalo halina budi kuvibeba. Basi nahodha asiye na shehena hutia farumi, yaani mawe au mchanga, chini kabisa ya chombo. Ngalawa ni nyembamba mno kwa tanga lake, kwa hiyo hupewa matengo pande mbili. Hakuna aliyepandisha kitu juu bila kulipa kwa uzito chini au kwa upana pembeni.

Ziwa Victoria limefundisha somo hilo hilo kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua abiria 101, kilikuwa kimejaa kupita kiasi kilipokaribia gati la Ukara. Abiria wakasogea upande mmoja tayari kwa kushuka, kikapinduka, na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Vyombo hivyo havikuwa na mnara wa mchezo. Vilikuwa chini ya sheria moja na mashua ndogo: chombo hakiulizi mzigo umepandishwa kwa sababu gani, bali umekaa wapi.

Kupima kwa timazi

Mwenye mashua hahitaji maabara kuujua uthabiti wa chombo chake. Siku ya maji matulivu, kila mtu akiwa amevaa jaketi la kuokolea, mashua ifungwe kwa ulegevu karibu na ufuko. Ndani yake itundikwe timazi ya mwashi yenye uzi wa mita 1, na chini yake uwekwe ubao wenye vipimo. Kisha mtu wa kilogramu 75 ahame mita 1 kutoka katikati kwenda pembeni, na timazi isomwe.

Zidisha uzito uliohama kwa umbali uliohama, ugawe kwa uzito wote wa mashua uliozidishwa kwa mwendo wa timazi. Kwa mashua ya kilogramu 900, timazi ikisogea sentimita 14, jibu ni karibu sentimita 60. Ikisogea sentimita 20, jibu ni karibu 42, na mwenye mashua atafanya vema kuusahau mnara. Pia aangalie jinsi mashua inavyoyumba. Inayorudi kwa haraka, hata ikiwachosha abiria, ina nguvu ya kujisimamisha. Inayoyumba polepole kwa upole hupendeza, lakini yaweza kuwa karibu kushindwa.

Mifuko ya maji inayotiwa ndani ya mashua ili kukuza wimbi nayo itazamwe kwa makini. Ikijaa kabisa na kulazwa chini hufanya kazi ya farumi. Ikijaa nusu, maji hukimbilia upande ulioinama na kuuzidishia uzito.

Maji ya Meru

Yabaki kuangaliwa maji yenyewe. Ziwa Duluti, karibu na Tengeru, ni kasoko iliyojaa maji, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 0.6, karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mashua ya kilomita 30 kwa saa ingelikata kwa dakika 2 hivi, kisha ingelazimika kugeuka, na kona ndiyo hali ambayo mnara huhatarisha zaidi. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 kuliko pwani. Injini ya nguvu farasi 90 isiyosukumiwa hewa itatoa kama 79 tu. Aliyenunua kwa kufuata orodha ya bei ya mji wa pwani atakosa nguvu kabla hajakosa mnara.

Tena wimbi lenye kimo mara mbili hubeba nishati mara nne, na mtumbwi wa makasia ndio utakaolipokea. Duluti na maziwa ya Momella, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yanajulikana kwa mitumbwi hiyo, na kingo zake zina misitu na ndege wanaohitaji utulivu. Mito ya Meru huteremka hadi Kikuletwa na kuingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini ya Moshi. Huko nafasi ni kubwa zaidi na hewa ni nzito zaidi, lakini ni maji ya wavuvi na nyavu zao.

Kwa hiyo uamuzi waweza kufuata utaratibu huu. Kama wachezaji bado wanajifunza, mnara hauhitajiki. Kama mashua ina upana usiozidi mita 2, au timazi imesogea kupita kiasi, mnara haufai. Kama mashua ni pana, wachezaji ni hodari na maji ni mapana, mnara waweza kujengwa, ila ufungwe kwa bolti zinazopenya hadi bamba nene chini ya faiba, na pasiwe na ruhusa ya mtu yeyote kuupanda. Fedha ya mnara usiojengwa ina matumizi mema karibu: rafadha inayolingana na hewa ya mlimani, na jaketi la kuokolea kwa kila kiti.