Pombe, Bia na Mvinyo: Tunaainisha kwa Kigezo Gani?

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujua upana wa neno pombe hana haja ya kwenda mbali na Mbarara. Apande gari la kuelekea Isingiro, ashuke Nakivale. Makazi hayo yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha. Mnyarwanda atakutajia urwagwa na ikigage, Mrundi impeke, Mkongo wa Kivu kasiksi, na mwenyeji wa Ankole tonto. Tafsiri inayotolewa kwa zote tano ni moja: pombe ya kienyeji. Makala haya yanaeleza kwa nini tafsiri hiyo haitoshi.

Tuanze na uainishaji wa viwandani. Huko kigezo kikuu ni hamira. Hamira ya eli hufanya kazi katika joto la nyuzi 15 hadi 24 hivi, nayo hupanda juu ya chombo. Hamira ya laga hutaka ubaridi, nyuzi 7 hadi 13, hutua chini, na bia yake hulazwa kwenye baridi kwa majuma kadhaa kabla ya kunywewa. Rangi si kigezo, ingawa wengi hudhani hivyo; laga yaweza kuwa nyeusi na eli ikawa ya dhahabu. Nile Special, Bell, Tusker na Primus zote ni laga, jamaa wa bia iliyopikwa mara ya kwanza Pilsen mwaka 1842. Kwa hiyo wanaobishana baani juu ya chupa hizo wanabishana juu ya ndugu wa tumbo moja. Zile orodha ndefu za mitindo ya bia ni jambo la juzi tu: zilipata nguvu baada ya kitabu cha mwaka 1977 cha Mwingereza Michael Jackson (siye yule mwanamuziki).

Sasa tuitazame tonto. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, mara nyingi kwa miguu. Maji yake matamu, eshande, hata mtoto hunywa. Mtengenezaji huongeza mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunika kwa majani ya mgomba, na baada ya siku moja au mbili amepata tonto. Hamira hakununua, imetoka kwenye ndizi, kwenye mtama na kwenye mtumbwi wenyewe. Wabelgiji nao wana bia yao, lambiki, inayochachuka kwa hamira za hewani, na huiuza kwa bei ghali.

Je, tonto ni bia? Kwa kanuni ya Ulaya, bia hutokana na wanga wa nafaka, ambao sharti kwanza ugeuzwe sukari kwa njia ya kimea. Mvinyo hutokana na tunda, ambalo sukari tayari linayo. Kwa kanuni hiyo tonto, urwagwa na kasiksi zimo upande wa mvinyo, mtama ukiwa nyongeza tu. Ikigage na impeke, zenye kimea cha mtama, ni bia halisi. Mbege ya Wachaga, yenye ndizi na kimea cha ulezi, imekaa katikati na haioni aibu.

Upande wa nafaka una obushera wa huku kusini-magharibi. Mtama mwekundu hulowekwa na kuchanganywa na majivu ili kupunguza ukakasi, kisha huachwa uote. Kimea chake hutoa kinywaji kitamu cha watu wote. Kikiongezwa asali na kuachwa kichachuke huwa enturire, ambayo hulewesha.

Uainishaji huu una fedha ndani yake. Mwaka 2002 kampuni ya Nile Breweries, ambayo mwaka 2013 ilifungua kiwanda hapa Mbarara, ilianza kuuza Eagle Lager ya mtama. Kanuni ya Bavaria ya mwaka 1516, iliyoruhusu shayiri, hopsi na maji tu, isingeiita bia. Serikali ya Uganda iliiita bia, tena ikaitoza ushuru mdogo kwa sababu ya mtama wa hapa nchini, na wakulima wakapata soko.

Una pia uhai. Waragi, gongo, chang'aa, kanyanga na lotoko hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa hadi uwe kimiminika. Aprili 2010, Kabale na wilaya jirani, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mkalimani wa zahanati anayeuliza tu, "Unakunywa pombe?" anaweza kujibiwa "hapana" na mnywaji wa waragi, kwa kuwa kwake pombe ni ile ya mtungini. Heri aulize kilitengenezwa kwa nini, kilichachushwa au kilikenekwa, na kimenywewa lini.

Neno mvinyo nalo litahitaji mjadala darasani. Kwa wazungumzaji wengine mvinyo ni kileo kikali, na kinywaji cha zabibu ni divai. Kwa pombe ya nafaka tunalo tayari neno ugimbi, lililolala kamusini. Kwa ya ndizi, napendekeza tuache majina yalivyo: tonto, urwagwa, kasiksi, kila moja kwa kabila lake la ndizi.