Risiti ya Homa

Risiti bado ninayo kwenye pochi. Kumwona daktari 300, kipimo cha malaria 200, Widal 400, dawa 1,250. Jumla shilingi 2,150. Mgonjwa mimi, mwezi Julai, na ugonjwa ni kikohozi, pua inayotiririka na viungo vinavyouma kama vya mtu aliyeshinda akipakua saruji. Kliniki iko chini ya ploti moja huku Umoja, jina nitalihifadhi. Nilitoka na "malaria kidogo na taifodi kidogo". Homa ya mafua haikutajwa na mtu.

Mtanzania akisema ana homa, mwili unachemka. Sisi wa Nairobi tukisema homa, tunamaanisha mafua. Ajabu ni kwamba ukivuka mlango wa kliniki za Eastlands na neno hilo hilo, unatolewa damu ya malaria kabla hujaulizwa swali moja muhimu: umetoka safari?

Swali hilo halilipiwi. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haiwafai mbu wa malaria. Maambukizi ya hapa mjini ni machache mno. Kama wiki chache zilizopita ulikuwa Siaya, Busia au Pwani, lipia kipimo cha malaria leo hii, tena usingoje kesho. Kama hujatoka Kayole tangu Krismasi, uliza kwa nini unatolewa damu.

Widal ndiyo inayoniudhi. Kipimo hiki kilibuniwa Ufaransa mwaka 1896, nacho hakimtafuti kijidudu cha taifodi. Kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki damuni muda mrefu baada ya ugonjwa wa zamani, au huibuka kwa sababu ya vijidudu vingine kabisa. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wenye maji ya mashaka anaweza kupata "taifodi" kila akikohoa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, ambacho ni ghali na huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana hutakiona kwenye bango la kliniki ya mtaani.

Je, kipimo cha homa ya mafua chenyewe kipo? Kipo. Hospitali kubwa za kibinafsi zina kile cha haraka: kijiti puani, majibu kabla hujamaliza chai. Tatizo ni kwamba katika kila wagonjwa kumi wenye virusi, kinaweza kuwakosa watatu hadi watano. Kile cha maabara kiitwacho PCR ni sahihi zaidi, lakini mjini hapa kwa miaka mingi kimetumika hasa kufuatilia ugonjwa. Tangu 2006 Kenya ina hospitali teule zinazochukua sampuli za pua na koo za wagonjwa wenye joto na kikohozi na kuzipeleka maabara, na kule Kibera, taasisi ya utafiti wa tiba KEMRI na CDC ya Marekani wamefuatilia familia nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo imeonyesha kwamba hapa kwetu virusi hivi huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka, kwa hiyo tusiisingizie baridi ya Julai peke yake. Lakini sampuli hizo huchukuliwa ili taifa lijue kinachozunguka. Mwenye pua hategemei majibu yake ili atibiwe.

Na kwa mtu mzima mwenye afya, majibu yenyewe hayabadilishi kitu: kupumzika, kunywa maji mengi, parasetamoli. Antibiotiki, ambazo ndizo zilizokula sehemu kubwa ya ile 1,250 yangu, haziui virusi. Parasetamoli na kipimajoto vilinigharimu chini ya 400 kwenye duka la dawa. Watoto wasipewe vidonge vyenye aspirini, hata kama jirani anaapa kwavyo.

Mambo hubadilika kwa mjamzito, mzee, mtoto mchanga, mwenye pumu, kisukari au VVU. Hao wasibaki dukani. Ipo dawa ya virusi, oseltamivir, inayofaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na daktari anayejua kazi yake hangoji kijiti cha pua ndipo aianzishe. Hapo ndipo elfu kadhaa za hospitali kubwa zina maana, au foleni ya kituo cha afya cha umma, ambako mwanachama wa SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, hapaswi kulipa chochote. Hesabu yangu ya foleni hiyo ni asubuhi nzima na uwezekano wa kuandikiwa dawa ukanunue nje. Bado nafuu kuliko Widal.

Chanjo huuzwa katika hospitali za kibinafsi na hurudiwa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Ningekuwa na pesa ya kumchanja mtu mmoja tu nyumbani, ningemchagua mama mjamzito.

Wiki iliyofuata mpwa wangu wa miaka mitatu akashikwa na homa. Dada yangu alikuwa ameshavaa viatu, anaelekea kliniki ile ile. Nikamwambia, ngoja kidogo. Mtoto alikuwa ametulia mapajani. Tukampandisha fulana, nikawasha saa ya simu, tukahesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Kama kifua kingekuwa kinabonyea chini ya mbavu, au amekataa kunywa, au amelegea asiamke vizuri, tungekuwa kwenye bodaboda kwenda hospitali ya Mama Lucy bila kuhesabu chochote.

Tulipata 33. Tukarudia: 34. Alikuwa anakunywa, analia kwa nguvu, anataka simu. Dada akatega saa ili tuhesabu tena usiku, akavua viatu, akaweka maji ya uji jikoni.