Kuunda Mfano wa Jahazi

Mfano wa jahazi uliowekwa juu ya kabati waweza kumfurahisha kila aupitaye, lakini baharia wa Lamu akiutazama, jambo la kwanza atakalolitafuta ni kamba. Atauliza henza iko wapi, na demani yafungwa wapi. Akiona tanga limegandishwa mlingotini kwa gundi, atatabasamu kwa adabu na kwenda zake. Twapenda leo kuwaeleza wasomaji wapendao kazi hii ya saa za mapumziko jinsi ya kuunda mfano ambao baharia huyo atasimama kuuangalia.

Kwanza ni kipimo. Yafaa mtu aende bandarini na kamba yake ya kupimia, aombe ruhusa kwa nahodha, akapime chombo kimoja maalum: urefu, upana, kina, kimo cha mlingoti na urefu wa foromali. Jahazi la futi 50, likipunguzwa hata kila futi iwe nusu inchi, litatoa mfano wa inchi 25. Kwa robo inchi mfano utakuwa wa inchi 12 na nusu, nao wapendeza mezani, ila abedari zake zitakuwa kama punje za mtama, na vidole vya mwanafunzi havitaziweza. Kwa hiyo mwenye kuanza na achague nusu inchi.

Mafundi wa Matondoni, katika kisiwa cha Lamu, wajulikana kwa kuunda vyombo kwa kipimo cha jicho pasipo mchoro wowote. Sisi wengine twahitaji mchoro. Mkuku hulazwa kwanza, kisha husimamishwa miti ya omo na tezi, ndipo yafuatapo mataruma na mbao. Mbao za mfano ziwe nyembamba na kavu. Zikiloweshwa katika maji ya moto zitapindika bila ya kuvunjika. Asiye na subira ya mataruma aweza kuchonga umbo lote katika gogo moja, wala si aibu.

Kazi yenyewe hasa ni kamba, na hapa ndipo wengi wapoteapo. Vitabu vya ufundi huu vilivyoandikwa Ulaya vingi vyahusu meli za milingoti mitatu, ambazo milingoti yake hushikiliwa na kamba zilizokazwa daima pande zote mbili. Anayevifuata neno kwa neno ataliharibu jahazi lake. Mlingoti wa jahazi huinama kuelekea mbele, na kamba zinazoushikilia hukazwa upande utokako upepo, na za upande wa pili hulegezwa. Sababu yake yaonekana chombo kinapogeuzwa. Nahodha huuelekeza upepo tezini, tanga huachiliwa, na foromali pamoja na tanga lake hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande mwingine. Ndipo kamba za ubavuni zihamishwapo na demani kufungwa upya. Kama kamba zote zimekazwa, foromali haina pa kupita.

Basi mtu ayafanye haya kwa uzi kama yafanywavyo kwa kamba. Foromali aifanye kwa vijiti viwili vilivyofungwa pamoja katikati, maana mti mmoja mrefu na mwembamba kiasi hicho ni nadra kupatikana. Henza iwe nene kuliko nyuzi nyingine zote, kwa kuwa ndiyo ibebayo uzito wa foromali na tanga, na jarari ipite kweli ndani ya abedari yake, isichorwe tu. Tanga lishonwe kwa marekani kuukuu iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Marekani mpya husimama kama bati. Mfano ukiisha, ujaribiwe: shusha foromali, ipandishe, kisha ligeuze tanga upande wa pili. Ukilazimika kukata uzi mmoja, fungua uanze tena.

Huenda msomaji akaona kwamba huu ni usumbufu mwingi kwa kitu cha kuchezea. Na aukumbuke mtepe. Chombo hiki cha visiwa vya Lamu kiliunganishwa mbao zake kwa kushonwa kwa kamba za makumbi badala ya misumari ya chuma, kikasafiri kwa tanga la mraba lililofumwa kama mkeka. Kabla ya katikati ya karne ya 20 mitepe ilikuwa imekwisha kutoweka baharini. James Hornell alieleza habari zake kwa kirefu mwaka 1941, na picha chache zimesalia. Lakini atakaye kuona umbo lake kwa macho yake hana budi kuitazama mifano, kama iliyomo katika Jumba la Makumbusho la Lamu. Mwanzoni mwa karne hii, mtepe wa ukubwa kamili ulipoundwa upya Zanzibar, hapakuwako hata mmoja wa kuigwa. Ilibidi kutegemea vitu kama hivyo.

Jahazi nalo sasa huonekana na mashine tezini, na mengine hayana tena foromali. Kwa hiyo, kabla ya kuufunika mfano kwa ubao wa mwisho, andika katika karatasi jina la chombo ulichokipima, bandari yake, vipimo vyake vyote, aina za miti na mwaka, na jina la kila kamba kama ulivyolisikia kwa mabaharia wenyewe. Ikunje, uiweke ndani karibu na mkuku. Tumia kalamu ya risasi, kwa maana wino hufifia upesi katika hewa ya pwani.